Macho Hayana Pazia

Kwa miaka mingi, hadi Mei 2021, usiku wa mji wa Goma ulikuwa na taa isiyokuwa na mwenyewe. Upande wa kaskazini, juu ya mapaa ya mabati, wingu lililokaa kichwani mwa mlima Nyiragongo liligeuka jekundu kila jua lilipozama, likabaki hivyo mpaka alfajiri. Wekundu ule ulitoka katika ziwa la moto lililotokota ndani ya kilele, ukilipiga wingu kutoka chini kama jiko linavyoipiga dari ya jikoni. Mgeni aliyelala hotelini kando ya Ziwa Kivu aliutazama, akauona uzuri, akaulizia habari za kupanda. Mama mwenye nyumba ya mbao huko Buhene, nje kidogo ya mji, naye aliutazama. Alitaka kujua kama umezidi au umepungua kuliko jana. Wote wawili walikitazama kitu kimoja kwa saa ile ile. Swali la makala haya ni kama walikuwa wakifanya jambo moja.

Wahenga wa mwambao walisema macho hayana pazia. Methali hiyo aghalabu huletwa kumtetea mtu aliyekikodolea kisichokuwa chake: mtazamaji hachukui kitu, hapunguzi kitu, basi kosa lake ni lipi? Uzuri ulioanikwa ni wa kila mwenye jicho. Ikiwa ni hivyo kwa sura ya mtu apitaye njiani, sembuse mlima, ambao hauoni haya wala haudhuriki kwa kutazamwa? Juu ya hoja hiyo pamejengwa sehemu kubwa ya utalii wa dunia. Mtu husafiri, huona, hurudi kwao, na pale alipopatembelea pakabaki kama palivyokuwa. Lakini mlima wa moto una tabia ya kuzipima methali.

Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 na umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa barani Afrika, mwaka 1925. Kutoka mdomo wa kasoko, yaani lile shimo kubwa la kileleni, hadi mitaa ya Goma ni umbali usiofika kilomita 20. Milima mingi ya moto hutoa lava nzito, inayojikokota kiasi kwamba hata mzee mwenye mkongojo aweza kuiepuka. Lava ya Nyiragongo ina silika chache, ni nyepesi kama uji usiokolea, na miteremko ya mlima wenyewe ni mikali. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lililokuwa likichunguzwa na wataalamu kwa miongo kadhaa likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likiteremka kwa kasi ya gari. Vijiji vilivyokuwa njiani havikupata hata fursa ya kupiga ukunga.

Tarehe 17 Januari 2002 ufa wenye urefu wa kilomita kama 13 ulifunguka upande wa kusini. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa, miongoni mwao wale walioteketea kituo cha mafuta kilipolipuka, na wapatao 120,000 wakakosa makazi. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Na baada ya siku chache tu walianza kurudi, wakikanyaga mwamba uliokuwa bado una joto. Kisha wakajenga. Mawe meusi yaliyozimeza nyumba za kwanza yalipasuliwa kwa nyundo, yakawa kuta na nyua za nyumba za pili.

Kiswahili cha Goma kina neno ambalo mshairi wa pwani angelionea wivu. Mazuku ni hewa ya ukaa itokayo ardhini, hasa katika mabonde na vishimo vya karibu na ziwa. Haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini kama maji. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama pale ambapo mbuzi amekufa. Mtoto aliyeinama kuokota kitu huenda asiinuke tena. Wenyeji huieleza kuwa ni upepo mbaya uuao usiku. Sikio la mtu wa Unguja au Lamu hulisikia neno hilo likiwa jirani na mzuka, na iwe ni udugu wa asili au ni mlio tu, maana zake zinaamkiana. Kwa neno hilo moja mtu huanza kuelewa kwamba moto wa kileleni ni sehemu ndogo ya habari yote. Sehemu inayoonekana hulipiwa kiingilio. Isiyoonekana huishi na wenyeji bure.

Kabla ziara hazijasimama, safari ya kupanda ilianzia Kibati, palipo na kituo cha askari wa hifadhi. Kibali cha mgeni kilikuwa dola 300 za Marekani. Njia ni ya kilomita kama 8 tu, lakini inapanda takriban mita 1,500: kwanza msitu, kisha mawe ya lava yenye kubingirika chini ya viatu, kisha baridi. Huchukua saa tano hivi. Msafara ulisindikizwa na askari wenye bunduki; pamoja na wageni walikwenda wapagazi waliobeba chakula, maji, makaa na nguo nzito, kwa kuwa huko juu hakuna maji wala kuni. Walifika jioni, wakalala katika vibanda vidogo vilivyosimamishwa ukingoni, na kwa sehemu kubwa ya usiku wakalitazama ziwa lenye upana wa zaidi ya mita 200, kubwa kuliko maziwa yote ya lava duniani kwa wakati huo, gamba lake jeusi likipasuka na kuungana, likipasuka na kuungana. Walioliona husema kwamba hakuna picha iliyolitendea haki. Husema pia kuwa sauti yake ni ya bahari. Mtu amepanda siku nzima akiuacha ufuo nyuma yake, na juu kabisa anakuta mawimbi yanapiga.

Si haki kumcheka msafiri huyo, wala kudhani kuwa hamu yake ni ugonjwa wa matajiri wa siku hizi. Katika imani za kale za Rwanda na Kivu, roho za watu walioingizwa katika jamii ya Ryangombe zilikwenda kustarehe juu ya Karisimbi, mlima wa jirani wenye baridi, na roho za wale ambao hawakuingizwa zilitupwa katika moto wa Nyiragongo. Kilele kile kilikuwa kikitazamwa kwa moyo wote zamani, kabla ya kuwako tiketi. Mwanadamu anataka kuona mahali ambapo ardhi inafanywa. Aliyeiona ardhi ikiwa maji hawezi tena kuukanyaga mwamba kwa kiburi kile kile, na hilo ni somo ambalo wengi wamelilipia ghali zaidi ya dola 300 wasilipate.

Wapo wasemao kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuihatarisha roho yake mwenyewe. Dini zina neno juu ya hilo, kwani roho ni amana, na aliyepewa amana haichezei. Lakini hata hoja hiyo ikikubaliwa yote, haimfikishi mpandaji kileleni. Inamfikisha Kibati tu. Kutoka hapo kwenda juu hapandi peke yake.

Mpagazi hana haja ya kuliona ziwa la moto. Ameliona mara nyingi, au amelichoka, au analichukia kwa sababu ya nyumba ya 2002. Anapanda kwa ajili ya ujira. Askari naye anapanda kwa sababu ni zamu yake, na zamu hiyo imekuwa na bei kubwa: zaidi ya askari 200 wa Virunga wameuawa wakiwa kazini katika miongo ya vita. Mei 2018, kaskazini ya Goma, askari mmoja wa kike aliuawa akiwalinda wageni wawili wa Kiingereza waliovamiwa njiani. Wageni walitekwa, wakaachiwa baada ya siku mbili. Hifadhi ikafungwa hadi Februari mwaka uliofuata. Walipohojiwa, wageni walisema maneno ya huzuni na shukrani, na hapana sababu ya kushuku ukweli wake. Lakini yule aliyekufa hakuwa na kibali cha kutazama chochote. Macho hayana pazia, ni kweli. Miguu inayoyapeleka macho kwenye kilele ndiyo yenye wenyewe, nao ni wengi kuliko wanaotajwa katika hadithi ya safari.

Hapa mtu wa pwani ana kipimo ambacho mtu wa bara huenda hana. Chomboni, ajuaye ndiye aamuruye. Nahodha akitazama mawingu ya kusi akasema leo hakuna safari, abiria atakaa, awe tajiri wa karafuu au mjumbe wa serikali. Aweza kunung'unika, aweza kutafuta chombo kingine, lakini usukani haugusi. Mlimani mambo yamegeuka. Mwenye kuujua mlima ni mtumishi. Asiyeujua ndiye aliyelipa, na siku zake za mapumziko zinahesabika. Kwa kanuni mwongozaji ana amri kamili ya kuwarudisha watu. Kwa mfuko, ana watoto. Msafara ukirudishwa njiani kwa sababu mawe yalitetemeka au gesi ilikuwa kali, nani atamlipa mpagazi aliyekwisha kubeba mzigo mpaka nusu ya njia? Swali hili linaonekana dogo, la vijisenti, lisilofaa kuingizwa katika mazungumzo juu ya uzuri na mauti. Ukweli ni kwamba humo ndimo maadili ya safari nzima yalimofichwa. Ikiwa mpagazi aweza kusema "turudi" na jioni akapokea ujira wake wote, basi watu wote waliomo katika msafara wako mlimani kwa hiari. Ikiwa hawezi, yupo mmoja aliyeko huko kwa hiari na wengine wamepelekwa.

Mshairi wa Kirumi Lucretius, katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Masihi, alikifungua kitabu cha pili cha utenzi wake mrefu juu ya maumbile kwa picha inayojulikana na kila mtu wa mwambao. Mtu amesimama nchi kavu, pepo zimeivuruga bahari, na huko mbali mwingine anapambana na mawimbi. Alidai kuwa upo utamu katika kutazama hivyo. Mateso ya mwenzio hayakufurahishi, alisema, lakini ni tamu kuliona balaa ambalo wewe umesalimika nalo. Wanafalsafa wameirudia picha hiyo kwa miaka elfu mbili. Inaelekea wengi wao hawakuwa na mtu chomboni. Asubuhi ya tarehe 10 Septemba 2011, baada ya meli ya Spice Islander kuzama usiku baina ya Unguja na Pemba, watu walisimama ufuoni Nungwi wakiikabili bahari. Hakuna aliyeonja utamu. Wenye mashua waliingia majini. Wasiokuwa nazo waliwapokea walioletwa, wazima na maiti. Bahari ilikuwa ile ile ambayo wageni huisafiria kutoka mbali kuja kuitazama, na ufuo ulikuwa ule ule unaopigwa picha wakati wa machweo.

Immanuel Kant, ambaye katika maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1790 kwamba milima ya moto, tufani na bahari iliyochafuka huivuta nafsi kadiri zinavyotisha, kwa sharti moja: mtazamaji awe mahali pa salama. Katika salama hiyo mtu hugundua ndani yake kitu ambacho nguvu za maumbile haziwezi kukivunja. Fikra hii ni nzuri, na huenda mtu aliyekesha ukingoni mwa Nyiragongo aliihisi bila ya kumsoma Kant. Lakini lile sharti limepitishwa upesi mno, kama mtu apitaye mlangoni pa jirani asitake kuitwa. Salama ya nani? Imejengwa na nani, na kwa mgongo wa nani? Mama wa Buhene hana mahali pa kusimama ambapo wingu jekundu laweza kumwia uzuri mtupu. Si kwamba nafsi yake ni nzito au hisia zake ni butu. Anakosa umbali, na umbali ndio kitu cha kwanza ambacho msafiri hununua.

Kununua huko kuna hadithi yake. Whakaari ni kisiwa cha moto huko New Zealand. Kwa miaka mingi wageni walipelekwa kwa boti na helikopta, wakavaa kofia ngumu na vinyago vya gesi, wakatembea hadi karibu na ziwa la kasoko, wakarudi. Novemba 2019 wataalamu walipandisha kiwango cha tahadhari hadi cha pili. Ziara ziliendelea. Tarehe 9 Desemba, saa nane mchana na dakika chache, mlima ulilipuka watu 47 wakiwa kisiwani, wengi wao abiria wa meli ya matembezi. Waliokufa, siku ile na baadaye, ni 22, wakiwemo waongozaji wawili. Kesi zilizofuata ziliuliza ni nani aliyekuwa na wajibu. Mwaka 2023 kampuni ya wenye kisiwa ilitiwa hatiani; Februari 2025 mahakama ya juu yake iliifuta hukumu hiyo, kwa hoja kwamba kampuni ilitoa ruhusa ya kuingia tu, wala haikuwa na usimamizi wa kazi yenyewe kisiwani. Sheria ina njia zake, na huenda ilisema kweli. Hata hivyo mtu hawezi kuacha kuona jinsi wajibu ulivyoteleza kutoka mkono hadi mkono: mtaalamu alipima, mwenye kisiwa aliruhusu, mwenye meli aliuza, mwenye boti alivusha, mgeni aliamini. Aliyekuwa nao wote, asiweze kumkabidhi mwingine, ni mwongozaji aliyesimama na watu wake kwenye majivu. Wakaongezeka marubani wa helikopta za kiraia, waliokwenda kisiwani kwa hiari yao kuwatafuta walio hai, wakijua kwamba mlima uliolipuka mara moja waweza kulipuka tena.

Kisa cha marubani hao kina babu yake. Mlima Vesuvio ulipolipuka mwaka 79, Pliny Mkubwa, mwanachuoni aliyeandika juu ya kila kitu kilichokuwa chini ya jua, alikuwa mkuu wa majeshi ya majini huko Misenum, ng'ambo ya ghuba. Aliliona wingu la ajabu likipanda, akaamuru aandaliwe chombo chepesi akalitazame kwa karibu. Alimwalika mpwa wake, kijana wa miaka 17. Kijana akasema afadhali abaki na masomo yake. Yule mzee alipokuwa anatoka nyumbani akaletewa barua ya mwanamke aitwaye Rectina, aliyekaa chini ya mlima na asiyekuwa na njia ya kutoka isipokuwa bahari. Pliny akabadili safari. Badala ya chombo chepesi zikatolewa merikebu kubwa za makasia, naye akaelekea pale ambapo wengine walikuwa wanapakimbia. Mpwa wake, aliyekuja kuyaandika haya kwa mwanahistoria Tacitus baada ya miaka mingi, anaongeza jambo ambalo mtu mwenye haraka hulipita: njiani mzee hakuacha kutazama. Aliyaamuru mabadiliko yote ya wingu yaandikwe kama alivyoyaona, majivu ya moto yakianguka sitahani. Alifia ufukweni Stabiae.

Wako waliomlaumu kwamba hakufika kwa Rectina, au kwamba udadisi wake ulimtia tamaa ya kupita kiasi. Huenda. Kilicho muhimu ni ile barua na yale yaliyofuata baada ya kusomwa. Mtu alikuwa amekwisha kulitazama wingu kama kitu cha kustaajabisha. Akaja mjumbe kumwambia kwamba chini ya wingu lile kuna mtu. Udadisi wake haukuzimika, ulipewa kazi. Kwa Kiswahili yapo maneno mawili yanayoyasema haya vizuri kuliko Kilatini. Mtazamaji ameona, basi. Shahidi ameona na kwa kuona kwake amefungwa. Akiitwa hawezi kusema hakuwapo. Na tofauti baina yao haitokani na umbali wala ujasiri, kwani shahidi aweza kuwa mwoga. Inatokana na ile barua, kama ilipokewa au la.

Barua ya Nyiragongo ilikuwa wazi kwa aliyetaka kuisoma. Mjini Goma kipo kituo cha uangalizi wa volkano, ambacho kazi yake ni kuutazama mlima kwa niaba ya mji: mitetemeko, joto, gesi. Mwaka 2020 ufadhili wake mkubwa wa kutoka nje ulikatika, na kwa miezi kadhaa wataalamu wake walikosa hata fedha za intaneti ya kupokelea takwimu kutoka kwenye mitambo yao. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipasuka, na watu wa Goma waliarifiwa na rangi ya mbingu. Wakashika tena njia ya Rwanda, magodoro vichwani. Lava iliteketeza maelfu ya nyumba upande wa kaskazini, Buhene ikiwamo, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa: wengine katika ajali za magari wakati wa kukimbia, wengine kwa kukosa pumzi walipojaribu kuvuka juu ya lava iliyokuwa haijapoa. Ziwa la moto likatoweka. Mlima ambao kwa miaka watu walilipia kuutazama kwa raha ulikuwa umekosa wa kulipia utazamwe kwa usalama.

Si kosa la msafiri kwamba kituo kilikosa fedha. Dola zake zilikwenda kwenye hifadhi, zikalipa mishahara ya askari na kulinda msitu, na pasipo wageni hao wapagazi wa Kibati wasingekuwa na kazi ile. Mwenyeji wa huko angekuwa wa kwanza kumtetea. Tena yaliyotokea baadaye yanaonyesha upungufu wa rai ya wale wanaotaka milima ya moto ipigwe marufuku kabisa. Ziara zilisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ukafuata mlipuko, ikafuata vita, na Januari 2025 mji wa Goma wenyewe uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Aliyezuiliwa ni mgeni. Aliyeilipa gharama ya zuio ni mwenyeji. Mgeni alipata mlima mwingine.

Basi kinachodaiwa si kujinyima. Wahenga walikuwa na methali ya pili, mgeni njoo mwenyeji apone, ambayo siku hizi huchapishwa kwenye mabango ya hoteli kana kwamba inahusu fedha za kigeni tu. Kupona ni neno la wagonjwa na waliookoka. Mgeni wa zamani alitazamiwa kuja na dawa, au habari, au mkono wa ziada, au hata kisingizio cha kuchinja kuku ambaye watoto wa nyumba walikuwa wakimtamani; kuja kwake kulibadili kitu upande wa mwenyeji. Msafiri anayeshuka Nyiragongo na picha 400, asijue kituo cha uangalizi kiko mtaa gani wala mpagazi wake alilala wapi usiku ule wa 2002, amekwenda na kurudi bila ya kuwa mgeni wa mtu. Aliyeuliza, hata kama hakuwa na zaidi ya dola zake 300, ameanza kuwa mgeni. Kuuliza hakuzimi moto. Lakini habari ya mji unaoishi chini ya moto husafiri kwa miguu ya watu kama hao, na kituo kinachosahauliwa na wafadhili hakisahauliwi kwa urahisi na mtu aliyekesha juu ya mlima kinaoulinda.

Watu wa visiwani hawana haja ya kwenda Kongo ili kuyapima haya. Ngazidja, ambako familia nyingi za Unguja zina shina lao, imekaa juu ya mlima wa moto ulio hai. Karthala una urefu wa mita 2,361, na kasoko yake kuu ina upana wa kilomita 3 kwa 4. Mwaka 1903 gesi yake iliua watu 17. Aprili 1977 lava iliteremka ikavunja kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na safari hizo haikuwa lava iliyowasumbua watu. Yalikuwa majivu. Ngazidja haina mito. Mvua hunywea katika mawe meusi, na watu wa vijijini huishi kwa maji ya mvua wanayoyakinga mapaani na kuyaweka katika mabirika. Majivu yaliingia katika mabirika hayo. Kwa siku nyingi maelfu ya watu waliamka katika kisiwa kilichozungukwa na bahari, chini ya mlima uliotulia tena, wakiwa hawana maji ya kunywa.

Wapandaji wa Karthala aghalabu huanzia vijiji vya juu ya Moroni, kama Mvuni, alfajiri kabla jua halijawa kali. Mgeni akipita mlangoni pa watu hupewa maji, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofanya. Kikombe hicho kimetoka birikani. Wapo wanaouliza maji yametoka wapi, na wapo wanaoyanywa, wakashukuru, wakaulizia njia.